Litowa na jina "ujamaa": kisa cha vijiji vya Ruvuma, 1960–1969

Katika mwaka 1969 vijiji vya ujamaa vya Tanzania vilifikiwa na maamuzi mawili kutoka juu, na kati ya la kwanza na la pili ilipita miezi sita tu. Mwezi Machi, Waraka wa Rais Namba 1 uliagiza wizara, mikoa na wilaya zote zielekeze mipango yao katika kuanzisha na kusaidia vijiji vya ujamaa. Mwezi Septemba, Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama cha maendeleo cha Ruvuma, kilichojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, RDA. Chama hicho kilikuwa na vijiji vipatavyo 17 upande wa Songea, na kile cha kwanza, Litowa, kilianzishwa zaidi ya mwaka mmoja kabla Julius Nyerere hajaandika kijitabu chake cha ujamaa.

Yaani katika mwaka ule ule nchi nzima ilipoamriwa ijenge vijiji vya ujamaa, vijiji vya ujamaa vilivyokwisha kujengwa, tena na wanavijiji wenyewe, vilivunjiwa chama chao.

Wengi wanaokisimulia kisa hiki hukieleza kama ugomvi wa viongozi wa mkoa na Mwingereza mmoja aliyeitwa Ralph Ibbott, au kama siku ambayo Nyerere alishindwa na chama chake mwenyewe. Yote mawili yana ukweli wake. Lakini ndani ya kisa hiki lipo pia jambo la msamiati, na naamini limepewa uzito mdogo kuliko linavyostahili. Jina ambalo watu wa Litowa walisifiwa kwalo ndilo lililotumika kuwanyang'anya walichokijenga, na baadaye jina lile lile likabandikwa juu ya kitu kilicho kinyume chake kabisa. Hadi leo, ukimtajia mzee wa Kitanzania "kijiji cha ujamaa", aghalabu atakukumbusha lori, nyumba iliyoezuliwa na amri ya kuhama. Litowa haimo katika kumbukumbu hiyo.

Njaa ya mwanzo

Songea ya miaka ya 1950 ilikuwa nchi ya kutoa nguvukazi. Vijana waliondoka kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, na waliobaki walilima chakula chao na tumbaku kidogo ya kuuza. Mwaka 1960 kundi dogo la vijana wa TANU Youth League, likiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, lilihamia porini Litowa ili likae na kulima kwa pamoja, pasipo mtu kulazimika kwenda kutafuta ajira mbali na kwao. Hakuna aliyewatuma. Hawakupewa ramani ya nyumba, wala trekta, wala bwana shamba wa kukaa nao.

Wakashindwa. Walikwenda na nia kubwa na chakula kidogo, na msimu haukuwangoja. Kundi likatawanyika, likarudi, likakwama tena. Hatua hii hurukwa upesi na wanaoisifu Litowa, nami naona ndiyo inayotakiwa kukaliwa zaidi, kwa sababu jumuiya nyingi za aina hii duniani zimekufa hapo hapo. Watu hukubaliana juu ya usawa, hukubaliana juu ya mali ya pamoja, kisha ghala huwa tupu kabla ya mavuno ya kwanza. Mtu mwenye njaa hurudi kwa ndugu zake, na hakuna wa kumlaumu.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa kidogo na cha kawaida. Millinga alipata nafasi ya kusoma katika Chuo cha Kivukoni, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1961. Ibbott, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshiriki katika shamba la ushirika la St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, alikuja kuishi Litowa pamoja na mkewe Noreen na watoto wao. Ushauri aliokuja nao haukuwa wa kitaalamu sana: chakula kwanza. Mahindi na maharage ya kutosha familia zote, akiba ghalani, ndipo zao la kuuza. Kijiji kinachokula hakimwogopi mnunuzi wa tumbaku, wala hakimwogopi mkuu wa wilaya anayekuja na mahindi ya msaada mkononi na masharti mdomoni.

RDA iliandikishwa mwaka 1963 ili kuviunganisha vijiji vilivyokuwa vimeanza kuiga Litowa. Watu wa kijiji kipya waliweza kuja kukaa Litowa kwa muda, wakafanya kazi na wenyeji, wakaona mkutano unavyoendeshwa, kisha wakarudi kuanzisha kwao. Kwa pamoja vijiji vilipata mashine ya kusaga mjini Songea, kiwanda cha kupasua mbao na magari. Maji yalivutwa kwa mabomba hadi kijijini. Fedha za kuanzia baadhi ya shughuli hizo zilitoka kwa wafadhili wa Ulaya, na jambo hili nitalirudia, maana lilikuja kuwauma.

Mkutano wa kijiji ulikuwa ndio moyo wa mambo yote. Hapo ndipo kazi ya shamba ilipopangwa, hapo ndipo ilipoamuliwa nani aende kiwandani na nani abaki na watoto, na mapato yagawanywe vipi. Wanawake walikuwa wanachama kwa haki yao wenyewe, na watoto wadogo walitunzwa pamoja ili mama zao wafanye kazi bila hofu. Ugomvi wa nyumbani, pamoja na mume kumpiga mke, ulichukuliwa kuwa jambo linaloihusu jumuiya nzima. Kwa mwaka 1965, katika Tanzania, hilo peke yake lilikuwa geni kuliko mashine ya kusaga.

Shule ya Litowa, chini ya mwalimu mkuu Suleiman Toroka, ilipokea watoto kutoka vijiji vya RDA. Walisoma, walilima, na walishiriki kuamua mambo ya shule yao. Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, aliyewahi kufika Litowa hakupata shida kuona sehemu ya mawazo yale ilikuwa imejaribiwa wapi.

Neno lenyewe

Jamaa ni neno la zamani pwani, limetoka katika Kiarabu, na lina nyumba nyingi. Jamaa zangu ni watu wa ukoo wangu. Sala ya jamaa ni ile inayosaliwa na watu waliosimama safu moja nyuma ya imamu. Nairobi jamaa ni mtu tu, yule bwana pale. Na mbali kabisa na siasa za Dar es Salaam, katika migodi ya Kolwezi huko Katanga, padri Mfransisko Placide Tempels na wachimba migodi wanaosema Kiswahili walianzisha katika miaka ya 1950 jumuiya ya Kikatoliki iliyoitwa Jamaa, na maneno yake makuu yalikuwa uzima, uzazi na mapendo. Nayo ilikuja kutiliwa shaka na wakubwa wa Kanisa walioona watu wa chini wamejipatia maneno yao wenyewe ya kuelezea imani. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba neno lilikuwa tayari na joto ndani yake kabla serikali yoyote haijaligusa.

Nyerere alipoandika mwezi Aprili 1962 kwamba ujamaa ndio msingi wa usoshalisti wa Afrika, alilichukua joto hilo kwa makusudi. Hoja yake ilikuwa kwamba usoshalisti ni suala la moyo na fikra, kwamba unatokana na watu kujaliana, na kwamba Mwafrika hakuhitaji kwanza kupita katika vita vya matabaka ili aufikie. Akakumbusha methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa methali hiyo alimjibu anayedhani kwamba kuishi kijamaa ni kulishwa bure. Katika jamii ya zamani, alisema, kila mtu alikuwa mfanyakazi.

Kulikuwa na maneno mengine ambayo angeweza kuyatumia. Ujima lilikuwepo, nalo lina maana ya kushirikiana kazi. Waandishi wa siasa wakaja kulitumia kwa hatua ile ya kale kabla ya matabaka. Ushirika lilikuwepo, lakini lilikuwa limekwisha kuchukuliwa na vyama vya kuuza kahawa na pamba, vyenye makarani na mizani yenye mashaka. Usoshalisti lilisikika la kigeni, na ukomunisti liliwatia watu hofu. Ujamaa likashinda, na nadhani lilistahili kushinda.

Ila lilikuwa na upungufu ambao Litowa iliulipia. Neno lilitaja uhusiano, halikutaja uamuzi. Ndani ya familia yupo baba. Mtu akisema "sisi ni jamaa moja", bado hajasema nani ataitisha mkutano, nani atashika hesabu, na nani ana haki ya kukataa. Watu wa Litowa walilijaza pengo hilo kwa mazoea yao ya kila wiki. Serikali nayo ilikuja kulijaza, kwa kujifanya baba.

Nani alikuwa akiota ndoto?

Jumuiya za namna hii zimeitwa kwa jina la dharau tangu zamani. Mwaka 1516 Thomas More alibuni kisiwa cha Utopia, jina lililoundwa kwa Kigiriki likimaanisha mahali pasipokuwepo. Mwaka 1848 Marx na Engels wakalitumia neno hilo kuwataja Owen, Fourier, Saint-Simon na wafuasi wao, na mwaka 1880 Engels akaandika kijitabu kizima kuutenganisha usoshalisti wa aina hiyo na ule alioita wa kisayansi. Kwa Kiswahili wasomi wetu waliusema mgawanyiko huo kwa namna yao: kuna ujamaa wa kisayansi, na kuna ule mwingine wa njozi. Katika mabishano ya chuo kikuu pale Mlimani, vijiji vya Nyerere mara nyingi viliwekwa katika kapu la njozi.

Nakubaliana na kipimo cha Engels, nakataa mahali kilipoelekezwa. Lawama yake kwa watu kama Owen ilikuwa kwamba jumuiya ilichorwa yote kichwani mwa mtu mmoja mwenye nia njema, kisha ikateremshwa kwa watu. Robert Owen, tajiri wa viwanda vya pamba, alikinunua kijiji kizima cha New Harmony, Indiana, mwaka 1825. Zilikuwa nyumba zilizojengwa na kundi la kidini la George Rapp lililokuwa likihama. Akawakaribisha watu, naye mwenyewe akaondoka baada ya muda mfupi kwenda kuhubiri mpango wake kwingineko. Katiba ziliandikwa moja baada ya nyingine, jumuiya ikagawanyika vipande, na kufikia 1827 ilikuwa imekwisha. Katiba yake ya kwanza iliwafungulia mlango watu wote isipokuwa wenye rangi, ambao wangeweza kupokewa kama wasaidizi, au kuandaliwa waende wakaishi katika jumuiya za Afrika. Msomaji wa kwetu akiisoma ibara hiyo hana budi kusimama kidogo.

Sasa tukipime kipimo hicho Tanganyika. Katika miaka hiyo hiyo Litowa ilipokuwa ikipambana na njaa, serikali ilikuwa na mpango mwingine wa vijiji, uliotokana na ushauri wa Benki ya Dunia wa mwaka 1961. Ulikuwa mpango wa makazi mapya: Upper Kitete huko Karatu, Rwamkoma upande wa Musoma, na mengineyo. Walowezi walichaguliwa, wakapelekewa trekta, wakajengewa nyumba, wakapewa posho ya chakula hadi mavuno, na juu yao akawekwa meneja. Gharama ilikuwa kubwa mno, madeni yakabaki kwa walowezi, na wengi wao walijiona kuwa waajiriwa wa serikali kuliko wenye mali. Mwezi Aprili 1966 Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alitangaza kwamba mpango huo hautaendelezwa.

Ukiviweka viwili hivyo pamoja, njozi inaonekana iko wapi. Mpango uliokuwa na wataalamu, bajeti na michoro ndio uliobuniwa mbali na watu ukateremshwa kwao, kama ule wa Owen. Litowa ilianza bila kielelezo, ikakosea, ikajirekebisha. Aliyeiita ya kinjozi aliitazama kwa udogo wake na kwa lugha yake ya usawa, hakuiangalia ilivyofanya kazi.

Kutoka sifa hadi amri

Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Msamiati wa nchi ukabadilika kwa kasi ambayo sisi tuliozaliwa baadaye ni vigumu kuihisi. Unyonyaji, mirija, kupe, bepari, kabaila, bwanyenye: maneno haya yalitoka katika hotuba yakaingia redioni, katika ngonjera za shule, katika mabishano ya kilabuni. Ndugu likawa ndilo jina la heshima la kumwita mtu yeyote, awe waziri au mkulima. Mwezi Septemba mwaka huo ukatoka waraka wa Ujamaa Vijijini, na humo ikaelezwa aina ya kijiji kilichokusudiwa. Wenye kuijua Litowa waliitambua.

Waraka huo ulisema wazi kwamba vijiji hivyo haviwezi kuundwa ila na watu wenye hiari. Mwaka uliofuata, katika Uhuru na Maendeleo, Nyerere alisisitiza zaidi: watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe. Hapa sarufi yetu ilimpa silaha nzuri kuliko aliyoipata katika Kiingereza. Kati ya kuendelezwa na kujiendeleza kuna viambishi viwili vidogo, na ndani ya viambishi hivyo umo ugomvi mzima wa Ruvuma.

Maana kwa ofisa wa mkoa, ujamaa ulikuwa sasa lengo la kazi. Alitakiwa aripoti vijiji. Alitakiwa aonyeshe mazao. Vijiji vya RDA vilimweka mahali pabaya: vilikuwa vya ujamaa kuliko vyovyote alivyoweza kuvianzisha, na havikumhitaji. Alipotaka tumbaku zaidi kwa sababu mkoa ulihitaji zao la fedha, vilijibu kwamba mkutano utaamua, na mkutano ulitanguliza chakula. Vilikuwa na wafadhili wao, magari yao, na Rais aliyewapenda. Kwa lugha ya wakati huo, hilo lilisomeka kama ukaidi.

RDA yenyewe ilikuwa na udhaifu, na si haki kuuficha kwa sababu iliumizwa. Ilimtegemea mno Nyerere awe ngao yake. Urafiki wa Rais ulipogeuka kuwa kimya, hapakuwa na sheria wala chombo cha kukikinga chama. Fedha za nje na kuwepo kwa Wazungu vijijini kuliwapa wapinzani hoja rahisi, hata kama wageni hao waliishi maisha ya kawaida ya pale. Na katika miaka ya mwisho wanaharakati wake waliunda kikosi cha kueneza mawazo ya vijiji, wakakiita kwa Kiingereza jeshi la mapinduzi ya kijamii na kiuchumi, kwa kifupi SERA. Nia ilikuwa kuwa na watu waliojitoa, wanaozunguka kufundisha na kusaidia. Lakini katika nchi ambayo maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 yalikuwa bado hayajafikisha miaka sita, kujiita jeshi pembeni mwa chama tawala ilikuwa kosa kubwa la uteuzi wa maneno.

Mwishoni mwa Septemba 1969 Kamati Kuu ikaamua. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba TANU ndiyo yenye jukumu la kujenga vijiji vya ujamaa nchini. Mali ya pamoja ikachukuliwa, zikiwemo mashine na magari. Wageni wakaondoka. Walimu wa shule ya Litowa wakahamishiwa kwingineko. Nyerere, mwenyekiti wa chama na mwandishi wa maneno yale ya hiari, hakuuzuia uamuzi huo.

Tuitazame sababu yenyewe, maana ndiyo kiini cha kisa. Hawakuambiwa kwamba wanachofanya ni kibaya. Hawakuitwa mabepari wala wasaliti wa Azimio. Waliambiwa kwamba ujamaa una mwenyewe. Neno lililokuwa limetaja namna ya watu kuishi lilikuwa limegeuka kuwa mamlaka ya taasisi, na mtu anayeishi hivyo nje ya taasisi akawa amechukua kisicho chake.

Hama, hamia, hamishwa

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nitayapitia kwa haraka. Tarehe 6 Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe ndani ya kijiji. Msamiati wa kijeshi ukashika usukani: Operesheni Rufiji na Operesheni Dodoma zilikuwa zimetangulia, sasa ikaja Operesheni Vijiji, na katika maeneo mengine Operesheni Sogeza. Watu walihamishwa kwa malori, na mahali pengine nyumba zao za zamani zilibomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Uhamishaji huo ulikutana na ukame wa 1973 na 1974, na nchi ikaagiza mahindi kutoka nje. Kufikia 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi vijijini.

Vijana wa 1960 walihamia Litowa. Watu wa 1974 walihamishwa, wakasogezwa. Vitenzi vinatoka shina moja au vinakaribiana, na mzungumzaji yeyote wa Kiswahili huisikia tofauti bila kuelezwa. Kwa hiyo ninaposoma maandishi, ya kwetu na ya wageni, yanayoita yote mawili "majaribio ya ujamaa" kisha yakatoa hukumu moja, naona yamefanya kosa ambalo lugha yenyewe ilikuwa imewakataza.

Watendaji wa wakati ule walikuwa waaminifu zaidi kidogo kuliko waandishi wa leo katika jambo hili. Walijua kwamba walichokuwa wakikijenga hakikuwa cha pamoja. Ndiyo maana katika miaka hiyo jina la vijiji vya maendeleo lilianza kutumika mahali pa vijiji vya ujamaa, na shamba la pamoja likaliachia nafasi shamba la bega kwa bega, ambalo kila kaya inalima kipande chake pembeni ya kipande cha jirani, kwa zao moja na ratiba moja. Sheria ya mwaka 1975 ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa, kwa jina lake tu, inakiri kwamba ni vitu viwili. Kijiji kiliandikishwa kwa idadi ya kaya na mipaka yake. Kijiji cha ujamaa kilikuwa hadhi ya juu, iliyopaswa kutolewa baadaye pale sehemu kubwa ya shughuli za uchumi itakapokuwa ya pamoja. Vijiji vingi mno viliandikishwa. Hadhi ya pili ilibaki haba.

Na kiwango cha kuandikisha kijiji kiliwekwa kuwa kaya 250. Vijiji vya RDA vilikuwa vidogo, vingi vikiwa na makumi ya familia, ukubwa ambao watu wote wanaweza kukaa mkutano mmoja na kila mmoja akamjua anayesema. Kwa kipimo cha sheria hiyo, Litowa ya 1965 isingetosha hata kuwa kijiji, achilia mbali kuwa cha ujamaa.

Kwa anayeandika juu ya mambo haya leo, napendekeza maneno yatumike kwa uangalifu zaidi. Makazi mapya ni yale ya 1963 hadi 1966, yenye meneja na trekta. Vijiji vya operesheni ni vile vya 1973 na kuendelea. Wananchi wenyewe huviita hivyo, "tulipohamishwa wakati wa operesheni". Jina la jumuiya ya ujamaa libaki kwa mahali ambapo watu walijiunga kwa hiari, wakawa na mali ya pamoja, na wakawa na mkutano wenye uwezo wa kukataa agizo. Sharti hilo la tatu ndilo linalosahaulika, na bila hilo, la kwanza na la pili hayadumu. Litowa ilikuwa nayo matatu. Ilivunjwa kwa sababu ya la tatu.

Chama kilipokufa, si vijiji vyote vilivyokufa nacho. Matetereka, kilichokuwa kimojawapo cha RDA, kiliendelea na shamba la pamoja na shughuli za pamoja kwa miaka mingi. Kilipita katika operesheni, kikapita katika kufungwa kwa maduka ya watu binafsi mwaka 1976, na kilikuwa bado kinaendelea baada ya Azimio la Zanzibar la 1991 kulegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha. Watafiti waliofika huko katika miaka ya 1990 walikuta watu wanaolima pamoja bila ruzuku, bila kikosi na bila hotuba, katika nchi ambayo viongozi wake walikuwa wameacha kulitamka neno ujamaa.

Huko ndiko ningependa utafiti wa sasa uelekezwe. Maandishi ya Kiingereza juu ya Ruvuma yapo, lakini wazee waliokaa katika mikutano ile walizungumza Kiswahili, Kingoni na lugha za jirani, na maneno waliyotumia kutaja kazi ya zamu, fungu la mavuno, mtu mvivu, mwanachama mpya na mwanachama aliyejitoa hayajakusanywa mahali pamoja. Waliokuwa na miaka 20 wakati wa kuvunjwa kwa RDA sasa wamepita 70. Mtu mwenye kinasa sauti na subira akienda Songea mwaka huu atapata mengi ambayo maktaba haina.